Ng'ombe wa Madoa katika Zizi la Nyanjige

Nyanjige Machibya hakumla yule ng'ombe. Wanaosema alimchinja, akashiba, kisha akamshtaki shemeji yake, wanasema wasichokijua. Wala hakuwa na kinyongo cha kuletewa mmoja badala ya wawili. Ng'ombe alikaa zizini kwake siku ishirini na tatu, akala pumba, akanywa maji, akaondoka mzima kwa miguu yake minne. Yaliyotokea ni haya.

Nyanjige ni mjane wa Mwalimu Sylvester Mayige. Alizaliwa Mkula, binti wa katekista aliyelima pamba na kumsomesha mpaka kidato cha sita wakati majirani wakimcheka kwamba anamwagilia shamba la mwenzake. Miaka kumi na minane alifanya kazi masijala, katika ofisi ya serikali, na hakuna faili lililompotea. Mwalimu alipofariki, kituo cha utetezi wa watoto pale Bariadi kilikuwa kikitafuta mratibu. Aliomba, akapewa.

Kazi yake haikuwa kuwahoji watoto. Ilikuwa kuhakikisha polisi wa dawati la jinsia, ofisa ustawi na daktari wanafika siku moja kwa wakati mmoja, ili mtoto aeleze yaliyompata mara moja tu, katika chumba kimoja. Kabla yake, mtoto aliweza kusimulia kisa hicho hicho katika ofisi nne, na kufika ya nne alikuwa ameshajifunza kunyamaza.

Ziara za vijijini pia alizipanga yeye. Mikutano ya akina baba aliiweka siku za mnada, kando ya uwanja wa ng'ombe, mchana, waliouza wakiwa wameshauza na waliokosa bei hawana haraka. Waliomtangulia walikuwa wakiwaita ofisi ya kijiji na kuhutubia viti.

Aliweka na taratibu mbili. Ya kwanza, mtumishi haendi ziara katika kijiji chenye ndugu zake. Kwa hiyo Kimali, alikoishi Maduhu, mdogo wa marehemu mume wake, alikwenda Dastan, ofisa ustawi. Ya pili ilihusu masanduku ya mbao yaliyoachwa shuleni, ambamo watoto walitumbukiza karatasi zao. Sanduku lilifunguliwa na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anaandika kwenye rejista, neno kwa neno.

Jumamosi moja ya Agosti, Maduhu alifika nyumbani kwa Nyanjige na kenta, ng'ombe amefungwa nyuma.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mbona hukupiga simu?"

"Ng'ombe hana simu." Maduhu alicheka peke yake. "Huyu ni wa kaka. Angekuwa hai, angemkuta zizini."

Ng'ombe alikuwa mweupe mwenye madoa meusi, pembe ya kushoto imepinda kuelekea jichoni. Nyanjige hakuuliza ametoka wapi. Katika ukoo wa Mayige, ng'ombe anayeletwa na ndugu wa mume hupokelewa, kisha chai hupikwa. Kuuliza asili yake ni kumwita aliyemleta mwizi. Mwanamke ambaye masijala hakupokea barua isiyo na mhuri alifunga lango la zizi na kubandika sufuria. Hilo ndilo kosa lake, na halina mwenziwe.

Jumatatu moja ya Septemba lilifunguliwa sanduku la Kimali. Nyanjige alisoma, Sajenti Martha wa dawati la jinsia aliandika. Karatasi ya tatu ilichanwa kwenye daftari la hesabu.

"Naolewa nikimaliza mtihani wa darasa la saba," Nyanjige alisoma. "Mwanamume ni wa Mwanhuzi. Ng'ombe wameshaletwa."

Iliyobaki akaisoma kwa macho. Martha, kalamu mkononi, alisubiri.

"Endelea, mama."

Mistari iliyobaki ilikuwa mitatu. *Mmoja amepelekwa kwa mama mkubwa Bariadi, yule wa madoa, pembe ya kushoto imepinda. Nilitaka kukimbilia kwake lakini naye ameshapokea. Asiambiwe.* Chini yake: Minza Maduhu.

Martha alikuwa upande wa pili wa meza, hawezi kuiona karatasi. Nyanjige angeweza kuruka hadi kwenye jina. Ndoa ingezuiwa vilevile, na nyumba ya Mwalimu ingebaki safi. Lakini aliujua utaratibu, maana aliuandika mwenyewe: mtoto anayeondolewa kwao hupelekwa kwanza kwa ndugu wa karibu anayeaminika. Dastan angemtafuta ndugu huyo, na angempata bila shida. Angemleta Minza kwa mama mkubwa, alale nyumba moja na mahari yake.

Alisoma yote, na jina.

"Huyo mama mkubwa anajulikana?" Martha aliuliza.

"Andika: Nyanjige Machibya, mratibu wa kituo."

Martha aliinua kichwa. "Mama, una hakika?"

"Ng'ombe yuko kwangu. Andika na pembe."

Kabla ya saa sita alikuwa amemkabidhi Dastan faili na ufunguo wa kabati, akampelekea mkurugenzi barua ya kujitoa kwenye shauri hilo, na kuongozana na Martha kituo cha polisi kutoa maelezo.

Maduhu alifika kwake kesho yake, habari zimeshamfikia. Hakuketi.

"Shemeji, umesoma mpaka umesahau kula."

"Chai ipo."

"Sitaki chai. Futa huo mstari mmoja. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya kaka. Watu watasema nyumba ya Mwalimu inauza watoto."

"Watasema ilipokea. Na ilipokea."

"Na wewe utaitwa polisi!"

"Nimeshakwenda. Wewe ndiye unayesubiriwa."

Ng'ombe alichukuliwa kama kielelezo, na baadaye akarudishwa Mwanhuzi pamoja na wenzake. Ndoa haikufungwa. Minza alifanya mtihani. Nyanjige alikaa nyumbani wiki sita akichunguzwa, kisha akarudi kwenye meza yake. Akaongeza utaratibu mwingine: kila mtumishi anayeletewa mfugo na ndugu aeleze kwa maandishi umetoka wapi. Wenzake walinung'unika. Wa kwanza kuijaza fomu hiyo alikuwa yeye, ingawa zizi lilikuwa tupu.

Siku Minza alipoletwa kituoni kuzungumza, Nyanjige hakuwepo. Alikuwa ameagiza viti viwili vya kimo kimoja viwekwe chumbani, akabaki nyumbani kwake.

Sasa, baada ya ibada, wanawake humzunguka. Yupo aliyethubutu kumshika mkono.

"Mama Mwalimu, tuambie sisi wenzako. Mtoto alisemaje juu yako? Na anaishi kwa nani siku hizi?"

"Alishasema mara moja," Nyanjige alijibu. "Kwa waliopaswa kusikia."

"Lakini wewe ni mama yake mkubwa!"

"Ndiyo. Na sisemi."

Aliuchomoa mkono wake, akafungua mwavuli, akaenda zake.