Nyota za Chini ya Jiwe

Miaka ile maduka ya Arusha yalipoanza kujaa bidhaa za nje, nilinunua tangi la kioo na pampu ndogo ya hewa. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, na likizo nilirudi kutoka Tanga na jiwe ndani ya ndoo ya maji ya bahari. Upande wake wa chini ulikuwa na utando laini wa zambarau, umejaa nyota ndogondogo. Kila ncha ya nyota ni mnyama kamili. Huvuta maji kwa mdomo wake, huchuja chakula, kisha wote huyatoa kwa tundu moja la katikati.

Mama, mkulima wa kahawa huko juu Meru, alikuwa amekuja kwangu Njiro kutibiwa mgongo. Hakuwahi kuiona bahari.

"Wakiishi hivi tunawaita koloni," nilimwambia.

"Bado hawajapata uhuru?"

Nilicheka. Nikamweleza kwamba wote hutokana na kiluwiluwi mmoja. Huogelea kwa muda mfupi, hujibandika mwambani, hupoteza mkia, kisha huchipuza wenzake kama mgomba. Tena utotoni ana kijiti mgongoni mithili ya uti wetu, ndiyo maana wataalamu humhesabu jamaa yetu wa mbali. Tangu hapo mama akawa anawasalimia kila asubuhi.

Siku moja nikiwa shuleni, mgao wa umeme ukazima pampu. Mama aliona nyota zinajikunja, akadhani maji yamechacha. Akamwaga nusu, akajaza ya bomba, akakoroga na chumvi ya jikoni. Niliporudi, utando ulikuwa ute wa kijivu. Mama alikaa barazani, kanga kichwani.

"Nimewaua jamaa zetu."

"Si wewe, mama. Ni umeme."

"Umeme haukumwaga maji."

Hakula jioni ile. Mimi nami nililala nikijilaumu: nilimsimulia mengi, ila sikumwambia kwamba maji ya bomba huwaua.

Likizo iliyofuata nilimpeleka Tanga. Maji yalipokupwa niligeuza jiwe, na nyota zilikuwapo, za manjano. Mama akachuchumaa taratibu, akatazama, machozi yakimtiririka.

"Gusa, mama."

"Kwa mikono hii?" Akaificha ndani ya kanga. "Warudishie jiwe lao kama lilivyokuwa."

Nikalirudisha. Hakukubali tuondoke mpaka maji yalipojaa yakalifunika.