Jani Lililochipua Haraka Mno

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Mazwi, mjini Sumbawanga, aliniletea kopo lenye ua lililokufa, akitaka nimwambie limekufa kwa nini. Watu huniletea maua yao kama wanavyompelekea fundi redio iliyonyamaza, maana kibaraza changu kimejaa makopo na wanaamini najua. Nililipindua lile kopo juu ya gunia. Udongo ulitoka umeshikana, mweusi, umelowa, na katikati yake kulikuwa na majani mabichi yaliyofukiwa, yaliyokwisha kuoza. Harufu ikapanda. Si harufu mbaya sana. Ni ya nyasi zilizovundikwa na maji, yenye ukali kidogo puani, na kila aliyelima Ufipa anaijua. Nilimwambia jirani kwamba amelizidishia maji na mbolea. Sikumwambia kwamba na mimi niliua ua la aina hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo, nikiwa na miaka kumi. Hayo nawaambia ninyi.

Ua lenyewe ni dogo, ukilisimamisha halizidi kiganja na nusu. Majani yake ni ya mviringo, manene, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na ukilikunja moja linakatika kwa mlio mdogo na kutoa maji. Jina lake la kitabuni nilikuja kulijua ukubwani. Dada yangu Skola, aliyekuwa chuo cha ualimu, ndiye aliyelileta kwetu Malangali, mtaa mwingine wa mji huuhuu, wakati wa likizo ya Desemba. Kilikuwa kipande cha shina chenye majani manne, kimeviringishwa kwenye karatasi yenye unyevu na kulazwa ndani ya kisahani cha sabuni. Mimi nilipoona anakifungua kwa uangalifu vile nilidhani ni kitu cha kula, na nilipoona sicho nilinuna mpaka jioni.

Skola alikiacha kipande kile juu ya meza siku nzima ili pale palipokatwa pakauke. Kesho yake alichanganya udongo na mchanga na mkaa uliopondwa, akakipanda kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini kwa msumari. Alinifundisha kama anavyofundisha darasa. Nisimwagilie mpaka kidole changu kikute udongo mkavu. Nisilianike juani. Nikitaka jingine, nichukue jani moja na kikonyo chake, nilichomeke, kisha nisilikumbuke tena.

"Lisahau kabisa," alisema. "Ukilichungulia kila siku litaona haya."

Baba alikuwa mlangoni akichonga mpini wa jembe. Aliuliza kama linaliwa. Skola akasema haliliwi. Akauliza kama ni dawa. Si dawa. Baba akarudi kwenye mpini wake. Pasaka ilipofika, Skola akiwa nyumbani tena, lilitoa ua, kijiti chembamba cha kijani kilichosimama wima, hakina rangi wala harufu, na baba akasema kumbe tumefuga mkia wa panya. Skola alicheka hadi akakaa chini. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka sote wanne, na nasema hivi bila kuongeza chumvi.

Mwezi wa tano Skola aliugua huko chuoni kwa siku nne, na siku ya tano aliletwa nyumbani kwa lori. Kuhusu mazishi sina mengi ya kueleza kwa sababu sina mengi niliyoyaona. Nakumbuka viatu vingi mlangoni. Nakumbuka sufuria kubwa ya ugali wa ulezi, na mwanamke mmoja aliyenishika bega akaniambia nilie, mwanangu, lia upate nafuu. Sikulia. Nilijihisi kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, ambao unajua ni wako lakini ukiugusa hausikii kitu. Watu walisema kwamba huyu mdogo bado hajaelewa. Nilielewa vizuri sana.

Waombolezaji walipoondoka mama alilala kwenye kitanda cha chumba cha mbele, akielekea dirishani, na hakuinuka. Watu waliendelea kuja kumjulia hali, wakibisha hodi na kumwita Mama Skola kama walivyomwita siku zote, na kila alipoitwa hivyo nilimwona akifumba macho. Uji nilioupika aliunywa vijiko viwili. Baba siku ya tatu alichukua jembe na baiskeli akaenda shambani, kwa kuwa ulezi ulikuwa umeiva. Jioni alirudi, akala, akauliza kama kuku wamefungiwa. Nilimtazama nikaamua kwamba hana uchungu. Niliamua hivyo siku hiyo na sikubadilisha.

Kitu pekee ambacho mama alikitazama kilikuwa lile kopo dirishani. Ilipoingia Juni, upepo wa baridi ulianza, ule wa kwetu unaopita chini ya mlango na kukaa ndani kama mgeni. Asubuhi moja majani matatu yalidondoka kwa mpigo. Mama aliyatazama pale yalipoanguka, akasema maneno yake ya kwanza kwa wiki mbili.

"Na hilo nalo linaondoka."

Hakuna aliyenieleza maana ya sentensi ile, ila mimi niliipokea kama taarifa. Ua likifa, mama naye anakufa. Sikuogopa, au kama niliogopa sikusikia woga wenyewe. Niliona tu kwamba kuna kazi ya kufanya na kwamba mtu wa kuifanya ni mimi.

Mambo aliyonifundisha Skola yalikuwa yamenitoka yote. Kilichobaki kichwani ni kile nilichokiona kila mwaka kwa baba. Kwetu udongo hulishwa. Mvua zinapokaribia kuisha, mkulima huzikusanya nyasi mbichi, akazifunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa, mpaka shamba zima linajaa vichuguu vya mviringo tunavyoviita intumba. Ndani nyasi zinaoza na kupata joto, juu unapanda maharage, na msimu unaofuata unalisambaza tuta lile na kupanda ulezi. Nilikuwa nimemsaidia baba tangu niweze kubeba nyasi. Kwa akili yangu ya miaka kumi, kama tuta linaweza kulisha ukoo mzima, haliwezi kushindwa kulisha ua moja kwenye kopo.

Basi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikang'oa nyasi na majani ya maharage. Niliumwaga udongo wa Skola wote, nikatandika nyasi kwenye kopo, nikalisimamisha ua, nikajaza udongo mweusi wa shambani hadi shingoni na kuurundika juu kama kichuguu. Yale majani matatu yaliyodondoka niliyafukia pia, yasipotee bure. Kisha, kwa huruma ya baridi ile, nikalimwagilia maji ya vuguvugu, asubuhi na jioni. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya sita ndipo harufu ilipotoka. Nilibeba kopo hadi uani, nikalivuta ua, na shina likabaki mkononi laini kama mboga iliyopikwa. Baba alikuwa anaingia na baiskeli yake. Alisimama, akaangalia kile kichuguu ndani ya kopo, akaniangalia.

"Umelipigia tuta?"

Nilimwambia ndiyo. Nilingoja anichape au anicheke, lolote lingenifaa.

"Kanawe mikono," akasema, akapita na baiskeli.

Katika ua lote lilisalia jani moja la juu lililokuwa bado gumu. Nilitupa yaliyooza shimoni, nikalichomeka jani lile kwenye udongo uleule, nikalirudisha kopo dirishani na kumdanganya mama kwamba nimelipunguza ili liamke vizuri. Mama alikuwa anaona jani moja kwenye kopo zima, na mtu mzima hawezi kudanganywa namna hiyo, lakini aliniachia uongo wangu. Nilisali Salamu Maria kumi kila nikitoka shule, kisha nikainama kulichungulia. Wiki ya kwanza lilikuwa vilevile. Wiki ya pili likafifia. Wiki ya tatu ukingo wake ukaanza kuwa wa njano, na mama akaacha hata uji.

Jumamosi ya wiki ile nilitoka bombani na ndoo kichwani, nikamkuta mama ameketi. Miguu ilikuwa chini, sakafuni. Kopo alikuwa amelipakata. Chini ya jani lililosimama wima, la kijani, palikuwa na mche wenye majani manne, kila moja dogo kama harage.

"Editha," alisema, "limetoa mtoto."

Akaomba khanga yake. Alikwenda uani akishika ukuta, akanawa uso kwa maji niliyoyaleta, na jioni akapika mwenyewe. Baba alikula, akasema mboga ni nzuri, akaomba aongezewe. Mimi nilikuwa nimetazamia furaha, nikaitafuta, sikuiona mahali. Nilijua tu kwamba mama hafi na kwamba ndoo inabidi ijazwe tena.

Ua lile lilizaa. Mama aligawa majani kwa kila aliyeomba, na mtaa wetu mzima ukawa nalo madirishani. Nilikua, nikaolewa, nikahamia Mazwi, nikaanza makopo yangu. Baba alifariki miaka minane iliyopita. Nilimzika nikimheshimu kama mtu aliyetulisha, na nikiamini bado kwamba mwanaye wa kwanza alimpita kama msimu.

Sasa rudini nami kwenye kile kibaraza mwezi uliopita, jirani ameondoka, mimi nimekaa kwenye kigoda na udongo uliooza mbele yangu. Nimechomeka majani ya aina hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kwa baridi ya Sumbawanga, jani hukaa miezi miwili likitafuta mizizi tu. Mtoto huonekana mwezi wa tatu, wakati mwingine wa nne, na huwa kitone cha kijani kisichozidi kichwa cha njiti. Hayo nayajua kwa miaka mingi. Yale ya utotoni nayo nayajua. Sijui kwa nini sikuwahi kuyaweka pamoja. Wiki tatu, Julai, udongo wa maji, majani manne. Haiwezekani. Na hapohapo nikakumbuka vumbi jeusi la mkaa kwenye gauni la mama alipolipakata kopo, nami ule udongo wa Skola wenye mkaa nilikuwa nimeumwaga wote.

Niliona ni mama. Nilisema moyoni kwamba aliinuka siku ile nikiwa bombani, akatafuta jani lililochipua kwa mtu, akalipanda alivyoelekeza Skola, akaketi na kunisubiri ili nisijue nimeliua. Jumapili baada ya misa nilikwenda Malangali. Nikamwamkia mama shikamoo, akaitikia, akaweka chai. Nilimweleza yote, kuanzia zile nyasi hadi harufu, nikamshukuru.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakutoka nje ya chumba siku ile kabla mimi sijarudi. Alisinzia alfajiri, alipoamka kopo lilikuwa dirishani na mche ndani yake.

"Mimi nilijua ni wewe," akasema. "Niliona ulivyokuwa unalichungulia. Nikasema, mtoto huyu amezunguka majumba ya watu kuomba, ili mimi niamke. Nikizidi kulala nitampoteza na huyu. Ndiyo maana niliinuka."

Tulitazamana. Ndani ya nyumba ile tulikuwa tumebaki watatu tu.

Niliumia, na nasema niliumia kwa sababu ilikuwa hali ngeni kwangu. Nilimlilia baba pale mezani, na nadhani na Skola humohumo, kwa kuchelewa kwa miaka mingi. Mtoto hutafuta uchungu wa mtu mzima machoni, na baba yangu hakuwahi kuuweka huko. Aliuweka kwenye baiskeli, akazunguka nao mjini akibisha hodi kwa watu asiowajua, akiomba kitu kisicholiwa wala si dawa.

Mama aliuliza aliliomba kwa nani. Kisha akauliza kwa nini hakusema. Miaka yote ile baba alikula nasi meza moja, mama akinishukuru mimi kimoyomoyo, mimi nikiamini jani limechipua lenyewe, na hakuna aliyemshukuru yeye hata kwa bahati mbaya.

Chai ilikuwa imepoa. Mama akaimwaga, akainjika nyingine.