Meza ya Kriki

Nsimire alikuwa mfupi, na kila kitu katika ofisi yetu kilitengenezwa kwa ajili ya watu warefu. Meza za kupigia mashini tuliachiwa na Wazungu, na Wazungu wale, sijui walilishwa nini utotoni, magoti yao lazima yalifika kifuani kwake. Kila asubuhi Nsimire alikunja kitenge akakiweka juu ya kiti, juu ya kitenge akaweka kitabu kinene cha namba za simu, kisha akapanda. Miguu ilining'inia. Mabega yalipanda mpaka karibu na masikio. Akiwa hivyo alipiga barua za kampuni ya chai kutoka asubuhi hadi jioni, na hapakuwa na dactylo mwingine, mpiga taipu, Bukavu nzima wa kumshinda kwa kasi. Nasema hivyo bila kupima, lakini atakayebisha aje kwangu.

Mimi ni Emérence. Nilitunza mafaili katika chumba hichohicho, upande wa Nguba, na dirisha letu lilitazama ziwa. Miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa na serikali, na kila mtu aliitwa mwananchi kwa Kifaransa, kwa hiyo ofisini niliitwa Citoyenne Nabintu, na Emérence nilibaki kanisani na jikoni. Hasira zangu ziko karibu, wote wananijua, na Nsimire alikuwa rafiki yangu kwa sababu yeye hasira hakuwa nazo kabisa.

Mgongo ulimuuma. Aliniambia mimi peke yangu, jioni moja tukipanda njia za Kadutu kurudi nyumbani, alipolazimika kushika ukuta wa watu ili apumue. Ulianza baada ya uzazi wa mwisho, na ile meza ikaukamilisha. Nilimwambia aseme kazini. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ajitupe ziwani.

"Unataka nifanye kama Sophie?" akaniuliza.

Sophie alikuwa dactylo wa pili, na jina lake la ubatizo lilikataa kumtoka hata ofisini. Mwaka uliotangulia, naye mgongo ulimshika, akaonekana ameegemea kabati machozi yakimtoka. Mkurugenzi wetu, Citoyen Bagalwa, alipita akamwona, akamwambia aende nyumbani mpaka apone. Sophie akafunga mashini yake kwa kitambaa, akaenda. Hakurudi. Na sisi hatukushangaa, maana chini ya mkurugenzi wa zamani, mtu akitumwa nyumbani ndiyo ilikuwa kwaheri, na aliyefukuzwa na mkubwa harudi bila kuitwa. Tulisikia amekwenda kwa ndugu zake Luberizi, kulima mpunga. Kiti chake kilibaki karibu na dirisha, mashini imefunikwa, hakupewa mtu mwingine. Tuliambiana kwamba kimeachwa pale ili kitutie woga. Kwa upande wa woga, kilifanya kazi vizuri.

Kwa hiyo Nsimire alificha. Mume wake Honoré hakuwa na kazi ya kudumu, watoto walikuwa shuleni, na nyumba nzima ilisimama juu ya vidole vyake. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nilimwambia. Akajibu kwamba njaa nayo inaumbua.

Basi, Jumatatu moja fundi seremala, Stanislas wa Kadutu, akaingia ofisini na meza ambayo sijawahi kuona mfano wake. Ilikuwa na miguu miwili minene, kila mmoja mti ndani ya mti kama droo inavyoingia kabatini, na katikati, chini kabisa, kriki ya lori. Kriki ileile ya kuinulia gari tairi likipasuka. Akaondoa meza ya Nsimire, akaweka hii, akachomeka mkono wa chuma na kuanza kuzungusha. Meza ikapanda ikilia, mpaka ikamfika Nsimire kwenye viwiko akiwa amesimama.

"Inapanda hivi," Stanislas akasema. "Ukizungusha huku, inashuka."

"Ni ya nini?" nikamuuliza.

"Mi sijui, maman. Chef aliniambia mupaka ipande na ishuke."

Kisha akachomoa ule mkono wa chuma akaondoka nao, maana kriki ilikuwa kuukuu ya Gaston, dereva wa lori la Bunyakiri, na Gaston alikuwa na mkono mmoja tu kwa kriki zake mbili. Aliuhitaji njiani. Mvua zilikuwa nyingi, lori likakwama huko, na meza ikabaki juu.

Sasa angalia sisi tulivyo. Mtu mwenye akili angekwenda kumuuliza mkurugenzi: chef, meza hii ni ya kazi gani? Lakini kwetu kitu kikitoka kwa mkubwa hukiulizi sababu. Unasema asante, unakitumia, na kichwa chako kinahangaika chenyewe. Citoyen Bagalwa naye alikuwa mtu wa maneno machache. Alivaa abacost, koti la miaka ile lisilo na tai, iliyofungwa mpaka kooni, na hatukuwahi kumwona ameketi. Meza yake aliipandisha juu ya matofali, akifanya kazi wima nyuma yake. Tulisema ni ukubwa. Mkubwa lazima awe juu.

Nsimire alijaribu kwanza kuketi. Akapotea nyuma ya meza, ikabaki mikono tu inayotafuta mashini. Akashuka kitini, akasimama, akaanza kupiga barua wima.

"Emérence," akaninong'oneza, "nilikosa nini?"

Alisoma kwa masista, na mimi pia. Kwa masista, aliyekosa aliandika amesimama, darasa zima likimwona. Nikarudi kwenye mafaili yangu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimewaza hivyohivyo. Hata wageni walichanganyikiwa. Mzee mmoja wa mashamba alikuja kuuliza habari za majani yake, akapanga mstari nyuma ya Nsimire, akidhani naye anasubiri kuhudumiwa.

Kilichotushinda zaidi ni asubuhi. Mkurugenzi akiingia, ofisi nzima ilisimama. Sasa mtu aliyesimama tayari atafanya nini? Siku ya kwanza mlango ulifunguliwa, sote tukainuka, na Nsimire, kwa kutafuta namna ya kuonyesha heshima, akaketi. Alikuwa peke yake chini, kichwa hakionekani. Citoyen Bagalwa akasimama mlangoni, akaangalia upande ule kwa muda, akaingia chumbani mwake. Nsimire alikosea barua mpaka saa ya chakula. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Halafu likaja jambo la ajabu kuliko yote. Mgongo ukaanza kunyamaza. Juma la kwanza miguu ilivimba kidogo, lakini juma lililofuata alipanda Kadutu bila kushika ukuta wa mtu. Mabega yakashuka mahali Mungu alipoyaweka. Badala ya kufurahi, akazidi kuogopa.

"Azabu gani inaponya mutu?" akaniuliza. "Labda ananitengeneza vizuri mbele ya kunifukuza."

Nikamwambia hayo ni mawazo ya mtu aliyekosa usingizi. Lakini usiku nami nikayafikiria.

Honoré ndiye aliyeamua. Alisema kama kuna kosa, liombewe msamaha kabla halijakomaa. Akatafuta kasiksi nzuri, ile pombe ya ndizi, chupa kubwa iliyozibwa kwa jani, na mimi nikachaguliwa kuwa msemaji, maana mwenye kosa haendi peke yake. Mama yangu alinifunza kwamba ukiomba msamaha kwa mkubwa usilitaje kosa lenyewe. Kulitaja ni kumchoma mara ya pili. Somo hilo siku ile lilitufaa sana, kwa kuwa kosa lenyewe hatukulijua.

Tukaingia. Citoyen Bagalwa alikuwa wima nyuma ya meza yake ya matofali.

"Chef," nikasema, "tunakuja kuomba pardon."

"Pardon ya nini?"

Nikainamisha kichwa. Nsimire akainamisha kichwa. Mkurugenzi akaangalia chupa, akaangalia Nsimire.

"Ni juu ya ile meza?"

"Ndiyo, chef," Nsimire akasema kwa sauti ndogo. "Ni juu ya meza."

"Inakuumiza roho?"

"Iko inaniumiza roho, chef."

Akafuta miwani yake. Niliona uso wake umebadilika, na sikujua ni hasira au ni nini.

"Basi mi njo nilikosa," akasema. "Tutaiondosha. Na hii pombe murudi nayo. Mi njo nilipashwa kuileta kwenu."

Tukatoka na chupa yetu. Mkubwa ametuomba sisi msamaha! Kwa kosa gani, na kwa nini amekataa pombe? Tulikaa kwenye ngazi za nje tukitazamana kama watu walioamshwa ghafula. Jioni hiyo Honoré, Nsimire na mimi tulikunywa kasiksi yote tukitafuta maana, na maana haikupatikana.

Kesho yake Stanislas akarudisha meza ya Wazungu. Meza ya kriki ikasukumwa kwenye veranda. Nsimire akakunja kitenge, akaweka kitabu cha simu, akapanda. Kila aliyempita akampongeza kwamba adhabu imekwisha, na yeye akaitikia kwa tabasamu.

Tabasamu lilikwisha kabla ya juma kwisha. Maumivu yalirudi na ndugu zake. Aliacha mashini katikati ya barua, akauma kitambaa, akaendelea. Siku moja akageuka kwangu, macho mekundu.

"Ile meza haikukuwa azabu, Emérence. Iko dawa. Na mi njo niliifukuza."

"Basi enda umwambie."

"Nimwambie mugongo inaniuma? Anitume ku nyumba kama Sophie?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia kuuliza si ujinga, na kwamba kati ya kufukuzwa na kupooza achague moja. Alikuwa ameelekeza macho kwenye kiti cha dirishani na mashini iliyofunikwa.

Asubuhi iliyofuata Citoyen Bagalwa akaingia. Sote tukasimama. Nsimire hakusimama. Alishika ukingo wa meza, akajaribu, uso ukajaa jasho, akarudi kuketi. Mkurugenzi akatazama. Ofisi nzima ikatazama. Nikajua kwamba sasa saa ya kufukuzwa imefika.

"Chef," Nsimire akasema, na safari hii sauti haikuwa ndogo, "siko naweza kusimama. Mugongo inaniuma. Iko inaniuma tangu zamani."

"Ninajua," akasema. "Njo maana nililetesha ile meza."

Hasira yangu, ambayo ilikuwa imengoja kwa uvumilivu majuma yote yale, ikatoka bila ruhusa.

"Sasa ju ya nini haukusema, chef?"

Watu waliinamisha vichwa kwa ajili yangu. Yeye hakukasirika. Aligusa kiuno chake mwenyewe, kwa haya, kama mtu anayetafuta funguo.

"Mugongo ya bibi ya mutu, mi niisemee wapi? Mbele yenu? Mungesema nini? Nilizani akiiona ataelewa. Ya kwangu pia inauma. Siwezi kukaa. Mulizani yale matofali iko ya nini?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia tulidhani nini.

"Basi hautanituma ku nyumba?" Nsimire akauliza.

"Kufanya nini ku nyumba?"

"Kama Sophie, chef."

Citoyen Bagalwa akageuka kuelekea dirishani, kwenye kile kiti.

"Sophie? Nilimwambia akipona arudi. Namungojea mupaka leo. Kila mutu mwenye kuomba ile nafasi nilimukataa. Kwani hajapona?"

Kiti kilichotutisha mwaka mzima kilikuwa kinamngoja mwenyewe.

Jumamosi mkurugenzi alituruhusu tuache salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji. Mimi na Nsimire tukapanda lori la Gaston, tukashuka milima ya Ngomo hadi uwanda wa Ruzizi, Nsimire ndani pamoja na dereva na mto wa kulalia mgongoni. Njia nzima alirudia maneno atakayosema, na kila mara yalikuwa mengine. Luberizi tuliulizia, wakatuonyesha shamba.

Sophie alikuwa majini, ameinama, akipanda miche ya mpunga. Alipotuona alijinyoosha polepole, mkono kiunoni. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka. Nsimire alimweleza yote, meza, kriki, kasiksi, na kiti. Sophie alisikiliza bila kusogea.

"Nani alimukataza chef kunitumia habari?" akauliza.

"Hakuna."

"Na mi, nani alinikataza kwenda kuuliza?"

Mimi nililia pale pale, bila aibu, kwa sababu mgongo ule ulikuwa umeinamishwa mwaka mzima bure.

"Kiti yangu iko?" Sophie akasema.

"Iko. Na ile meza imerudi, inapanda na kushuka. Gaston ametuachia mukono yake."

Sophie akaangalia miche iliyobaki mkononi.

"Mungojee nimalize huu mustari," akasema, akainama tena.

Nikavua viatu nikaingia majini kumsaidia. Nsimire tulimwacha kwenye ukingo wa shamba, amesimama.