Chokaa ya Kula

Ninafundisha kemia Kasongo, na ninajulikana kwa ukali. Mwanafunzi akiita kila jiwe linalong'aa dhahabu, namrudisha kwenye benchi hadi aniambie ni mika au ni kitu gani. Ndiyo maana kwa muda mrefu sikupenda kusimulia kosa langu hili. Sasa roho imetulia, naweza.

Mdogo wangu wa kike ameolewa Lusangi na fundi mwashi. Mama yetu alifariki siku aliyomzaa, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Kwa hiyo aliposhika mimba yake ya kwanza, niliogopa kuliko yeye. Asubuhi moja akanipigia simu.

“Yaya,” alisema, maana ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, “nilikula chokaa, sasa tumbo inaniuma.”

Rezo, yaani mtandao wa simu, ikakatika. Nikapiga, nikapiga tena, wapi.

Chokaa! Wiki ile ile nilikuwa nimeandika ubaoni jinsi jiwe la chokaa, yaani kalsiamu kabonati, linavyochomwa tanuruni likatoa gesi, ikabaki oksidi ya kalsiamu, kitu kinachounguza nyama. Na shemeji yangu huweka magunia yake nyumbani. Ningefikiri kidogo tu ningejua kwamba aliyekula kitu kile hawezi kuongea kwenye simu kwa sauti laini namna ile. Lakini akili ilikuwa imeniruka. Niliacha darasa, nikapanda pikipiki, na njia nzima nikamgombeza dereva kwa sababu ya matope ambayo si yeye aliyeyaleta.

Nilimkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Anatwanga! Nikakaa chini uwanjani na sketi yangu ya kazini.

“Karibu, Yaya. Nani amekufa?”

“Wewe,” nikamjibu. “Nionyeshe kile ulikula.”

Akanipeleka jikoni. Kwenye sahani palikuwa na bonge jeupe. Karibu na sahani, gunia la mumewe lilikuwa wazi, na ndani yake mabonge meupe vilevile. Hofu ikanirudia yote. Nikaomba maji na ndimu.

Nilianza na bonge la gunia. Nilipolitia maji lilitoa mvuke, likapasuka, na bakuli likapata moto hata nikaliachilia. Mafundi huita hivyo kuzima chokaa. Kisha nikamega kipande cha lile la sahani. Kwenye maji kilikaa kimya, kikalainika na kuteleza vidoleni. Nikamega kingine, nikakikamulia ndimu: hakuna povu hata kidogo, basi hata jiwe la chokaa bichi halikuwa. Nikaligusisha bonge lenyewe kwenye ulimi, likanata. Alumini, silikoni, oksijeni na maji. Ule udongo mweupe ambao wajawazito wa Kasongo hununua sokoni na kuficha kwenye pindo la kitenge.

“Hii iko pemba!” nilipiga kelele.

“Njo hiyo. Huku kwa mama mukwe wanaita yote chokaa. Iko ya kupakaa, iko ya kula. Nilitaka kukuambia, rezo ikaenda.”

Nikacheka hadi nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Najua tu kwamba nilimshika mashavu, nikamwambia ninampenda, jambo ambalo kwetu halisemwi hivihivi. Naye akaona aibu, akatazama sufuria.

Hata hivyo nilimburuta hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpima, akasikiliza moyo wa mtoto, akasema mtoto ni mzima kabisa. Tumbo lilikuwa limefunga tu kwa kuzidisha pemba. Anywe maji mengi na aache kula udongo. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tuliporudi, niliona ni wakati wa kufundisha. Nilimketisha kwenye kiti kidogo, nikachukua lile bonge la sahani liwe mfano, nikasimama mbele yake. Nikamweleza kwamba pemba haina chakula ndani yake, kwamba hunyonya maji ya tumbo, kwamba mtu mwenye akili hatii mdomoni kitu kilichochimbwa mtoni, na kwamba kuanzia leo sitaki kusikia. Nilisema muda mrefu, kwa ukali wangu wote. Yeye alinisikiliza huku akiniangalia mdomo.

“Sawa, Yaya,” akasema. “Na wewe, unatafuna nini?”

Nikatazama mkono wangu. Lile bonge nililolipima lilikuwa limebaki kipande kidogo kama ukucha.