Mchina Aliyenifundisha Baiskeli

Ndugu zangu, leo nimeumbuka hapa Somanda, na bado mimi ndiye fundi baiskeli namba moja Bariadi nzima.

Nilikuwa nawasimulia wateja jinsi injinia wa Kichina alivyonifundisha kunyoosha ringi nikiwa nimefumba macho.

Nyuma yangu sauti ikauliza, "Huyo Mchina aliitwa nani, mwanangu?"

Nikageuka. Mayu Kabula, yule mama fundi wa Lalago!

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, baiskeli za wakulima za kubebea pamba alizitengeneza yeye. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, namshikia gurudumu.

Nikaweka spana chini.

"Aliitwa Mayu Kabula," nikasema.

Akachukua spana yangu. "Basi sogea, njiti mbili za gurudumu zimelegea."

Zilikuwa tatu, lakini sikubishana na mwalimu wangu.

Nanyi mwalimu wenu mtajeni hapa chini, kabla hajawatokea kwa nyuma.