Siku ya Pipa Hatuwashi Jiko

Katika miaka ya vita, kitu kilichotafutwa sana mjini kwetu Butembo kilikuwa mlango wa chuma. Mlango wa mbao ulipigwa teke moja ukalala. Wa chuma ulichelewesha watu wabaya, na wenye nyumba wakapata nafasi ya kutokea nyuma na kuruka ua. Baba alitengeneza milango hiyo kwa mapipa matupu ya petroli, ile sisi tunayoiita esanse, iliyokuja na malori kutoka upande wa Uganda. Alikata vifuniko kwa tindo, akapasua ubavu, kisha akagongagonga mpaka pipa likawa bati pana. Yeye na mama walipokufa kwa homa, tukiwa wakimbizi upande wa Beni, nilirudi Butembo na wadogo zangu watatu, nikaacha shule, nikashika tindo lake.

Pipa tupu ni baya kuliko pipa lililojaa. Watu hawapendi kuliamini neno hilo. Esanse ikimiminwa yote, mvuke wake hubaki ndani, umejificha kwenye mikunjo ya vifuniko, na mvuke ndio unaowaka. Cheche ya tindo inatosha. Kuna mafundi waliotupa kijiti cha kiberiti kinachowaka ndani ya tundu la pipa, eti wafukuze harufu, na pipa likawalipukia. Baba alitufundisha kujaza pipa maji mpaka yafurike, na kulikata likiwa limejaa. Na maji yanayofurika hayaachiwi njia yao, kwa sababu esanse huelea juu ya maji, na mji wetu ni wa vilima: unachomwaga kwako kinapita jikoni kwa jirani wa chini. Tulikuwa na shimo la mchanga kwa kazi hiyo. Hata mvuke wenyewe ni mzito, hutambaa ardhini kama ukungu unaoshuka bondeni, ukakute moto mahali ambapo hukuufikiria. Ndiyo maana siku ya pipa hatukuwasha jiko mpaka kazi iishe. Tulikula viazi baridi vya jana.

Siku ya namna hiyo ndiyo baba mdogo, ndugu yake baba, alipotufikia kutoka Masereka, na gunia la viazi begani. Nilijua linalomleta. Ukoo ulikuwa umekaa na kukata neno: mdogo wangu wa kiume aende kwa jamaa Mutwanga, dada anayemfuata aende kwa shangazi Musienene, na kitinda mimba aondoke na baba mdogo mwenyewe. Lakini alikuwa mtu wa haki. Alisema ataangalia kwanza tunavyoishi.

Akaanzia jikoni. Akaweka kiganja juu ya majivu.

“Jiko imepoa,” akasema. “Mulipika lini?”

“Jana magharibi, baba mudogo. Leo iko siku ya pipa. Tutapika kazi ikisha.”

“Kazi ndiyo inakataza batoto kukula?”

“Bamekula. Biazi ya jana.”

“Biazi baridi,” akasema polepole, kama mtu anayepelekewa habari ya msiba.

Kwetu milimani, nyumba isipotoa moshi asubuhi, jirani huja kuuliza nani amekufa. Na mgeni aliyeshuka toka Masereka akikosa kitu cha moto, jambo hilo husimuliwa muda mrefu. Nikaona uso wake umeshaamua. Akaketi kwenye benchi la uani, akatoa kiko chake, akakijaza tumbaku, akatoa kiberiti.

Kazi ya kitinda mimba siku ya pipa ilikuwa kukaa mlangoni na kupokea viberiti vya wanaoingia. Baba mdogo alipoingia, mtoto alikuwa kisimani na dada yake. Sasa alitua kidumu chake cha maji, akamwendea baba mdogo, akakinga mikono miwili kama tulivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa.

“Baba mudogo, kiberiti inabakiaka ku mulango.”

“Unasema na nani?”

“Na nyinyi. Hata basoda na bunduki yabo tunabaambiaka.”

“Na basoda banakubali?”

“Mumoja alikatala. Yaya akakaa tu. Ile mulango yake ikachelewa.”

Yaya ni mimi, mkubwa wao. Mdogo wangu wa kiume akainamisha kichwa. Adabu ilinitaka nimwite mtoto na kumkemea mbele ya mgeni. Nikimuunga mkono, baba mdogo angeweza kuwachukua wote watatu siku ileile, na hakuna mtu katika ukoo angemlaumu. Nikaweka nyundo chini.

“Ni vile anasema, baba mudogo. Kama munataka kuvuta, nitabapelekea benchi kule juu ku barabara. Hapa pipa iko wazi.”

“Na nikikatala?”

“Basi tutakaa wote. Hapana mutu atapiga nyundo.”

Tukakaa kweli, mimi juu ya jiwe, wadogo zangu ukutani. Mtoto peke yake alibaki amesimama, mikono imekingwa. Baba mdogo alitutazama mmoja mmoja. Kisha akamwekea kiberiti mkononi. Mtoto akakipeleka kwenye kopo lililoning’inia mlangoni, akarudi, akakinga tena.

“Na ile ingine.”

“Ingine gani?”

“Ile inalia mu mufuko.”

Akapapasa koti. Akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Tukaendelea na kazi. Maji yalipofika ukingoni yakaanza kufurika, juu yake rangi kama za upinde wa mvua, yakateremka shimoni. Baba mdogo alisimama kando, kiko kisicho na moto mdomoni, akiyafuata kwa macho. Nilizungusha tindo mpaka kifuniko kikaachia. Tukamwaga, tukaosha ndani kwa sabuni, tukaliacha lipigwe na upepo. Baadaye dada akainama, akanusa ardhi, akasema bado. Akanusa tena jua likishuka, ndipo tukawasha jiko.

Tulikula bugali na maharagwe na viazi vya baba mdogo mwenyewe, vya moto mpaka vikamchoma ulimi.

“Kwa Masereka nitasema nini?” akauliza, hakumwuliza mtu. “Nitasema nilifika, balinikamatia biberiti.” Akamtazama kitinda mimba aliyekuwa akisinzia na tonge mkononi. “Na huyu nikimubeba, nani atakaa ku mulango?”

Asubuhi mtoto alimrudishia viberiti vyake vyote viwili. Baba mdogo akavitikisa sikioni, akavitia mfukoni, akapanda njia ya Masereka peke yake, gunia tupu begani.