Kamba ya Lori la Papa Ilunga

Juzi binti yangu alifungua kachupa ka dawa ya kufutia rangi ya kucha, na mimi nikajikuta nimetoka nje na sufuria mukononi, sijui ninakwenda wapi. Harufu ile ni tamu kwanza, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu inachoma puani. Ilinirudisha Nchelenge, mji wetu kando ya ziwa, kwenye baraza yetu, saa sita ya muchana. Nina miaka kumi na moja, na mukononi nimeshika kipini cha plastiki ambacho hakishikamani tena na kitu chochote.

Niliishia grade seven, na mambo mengine huenda ninayakosea. Pale nisipokuwa na hakika nitawaambia.

Papa Ilunga alikuwa mufanyabiashara wa ng'ambo, upande wa Kongo, aliyelala kwetu kila alipovuka ziwa kuja kununua unga na sabuni. Alikuwa mutu munene wa kucheka, naye alimwita baba yangu, yaani batata, Bwana Fundi, kwa sababu batata alitengeneza mota za mitumbwi pale Kashikishi, ufukweni. Safari ile hakucheka. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini, vita vikiwa ng'ambo, na yeye alitoka Copperbelt, kwenye migodi ya shaba, na sanduku la karatasi alilolipakata kama mutoto. Ndani mulikuwa na lori la kuchezea, kubwa kama kuku anayeatamia, lenye injini ya kweli isiyozidi ngumi yangu na mafuta yake ndani ya chupa nyeupe. Liliendeshwa kwa mbali, kwa redio. Alilinunua kwa muzungu mumoja wa mugodini aliyekuwa akirudi kwao.

Halikuwa la mutoto wake. Mutoto wake, Tresor, miaka kumi na sita, alikuwa amezuiwa ng'ambo pamoja na mutumbwi wa baba yake, na aliyemuzuia ni mukubwa mumoja wa askari, ambaye naye alikuwa na kijana wake aliyetaka kitu ambacho hakuna mwingine anacho. Lori lilikuwa la kumukomboa Tresor. Sitaki kumusema vibaya kupita ninavyojua. Labda naye alikuwa na mukubwa wake. Ila tulisikia kwamba mutu mwingine alimupelekea redio ya kaseti isiyolia, na mutu yule hakurudishiwa ndugu yake. Kwa hiyo lori lilitakiwa liwake mbele ya macho ya mukubwa yule. Hilo nililijua. Siwezi kusema sikulijua.

Siku aliyolileta alituonyesha mara moja tu, nyuma ya nyumba. Alitia mafuta, akabana kitu kama tochi juu ya injini kuipasha moto, akavuta kamba yake fupi-fupi kama mutu anayenyonyoa kuku, na lori likalia kama nyigu elfu. Kuku wetu walihamia kwa jirani. Bamayo, mama yangu, alisema shetani amepata gari.

"Bon, inawaka," Papa Ilunga alisema, akalizima upesi, maana mafuta yalikuwa chupa moja. Kisha akafuta magurudumu kwa shati lake.

Mimi nilitazama ule mukono ukivuta kidogo-kidogo, nikamuonea huruma. Nilidhani ni mutu wa dukani tu, hana nguvu. Kwetu mota huvutwa kwa mwili wote: muguu juu ya ubao, mugongo unalala nyuma, mukono unakwenda mpaka kupita sikio. Batata alinifundisha hivyo, na mara moja niliwasha mota ya nguvu za farasi nane mbele ya wavulana. Sifa ile ilinikaa kichwani kama kilemba.

Siku ya kuvuka, mutumbwi wa abiria ulikuwa uondoke saa kumi. Batata alikuwa kazini, Bamayo sokoni, Papa Ilunga alikwenda kutafuta mikate. Nilifungua sanduku. Nilitaka kusikia ule mulio tena, na nilitaka uwe wangu.

Nilitia mafuta, nikabonyeza na kubonyeza kile kidude chake cha kusukuma mafuta, kama tunavyobonyeza puto la mota, mpaka yakatoka kwa nyuma. Nikavuta. Kamba ikakataa, ngumu kama imefungwa kwa jiwe. Sasa ninajua injini ilikuwa imejaa mafuta, imezama, na injini iliyozama haivutwi. Siku ile nilidhani ni mimi niliyelegea. Nikaweka muguu juu ya lori, nikavuta mpaka nyuma ya sikio.

Ilisema *kra*, halafu kitu ndani kikazunguka *srrr*, halafu kimya.

Ningependa kuandika kwamba nilikimbia kumwambia batata. Sikukimbia. Nilirudisha lori sandukuni, nikaficha kipini chini ya magurudumu, nikakaa juu ya baraza karibu saa nzima. Nilifikiri: likikataa ng'ambo, watasema limeingia maji ya ziwa. Kichwa changu kidogo kiliweza kupanga hivyo, na ninaliandika kwa sababu ni kweli. Kilichoniinua pale ni kwamba nilimuona Papa Ilunga kwa mbali, njiani, amesimama na watu, ameshika mikate miwili. Nikajua mumoja ni wa safari na mwingine ni wa Tresor.

Nilipitia nyuma ya nyumba mbio mpaka kwa batata. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya mota ya mutu. Hakunipiga. Aliuliza swali moja:

"Mafuta yamebaki?"

"Nusu, batata."

Alinawa mikono kwa petroli, akachukua bisibisi ndogo, akaomba uzi wa nailoni kwa washona nyavu waliokuwa karibu, na tukaenda nyumbani.

Papa Ilunga alitukuta barazani wakati skrubu ya nne inatoka. Alisimama. Mikate ikamwanguka. Mimi nilifungua mudomo, lakini batata alinitangulia.

"Papa, ni mimi. Nilitaka kusikia kama iko sawa, nikavuta vibaya."

"Weye?" Sauti yake ilipanda mpaka majirani wakatoka. "Mutu muzima, baba ya batoto, unacheza na kitu ya mutoto?"

"Ndiyo, Papa."

"Fundi gani weye! Fundi ya masufuria!"

"Ndiyo, Papa. Shika hizi, zisipotee." Akamupa skrubu nne mukononi.

"Kama hapana kuwaka, nitasema nini kule? Mama yake nitamwambia nini?"

"Mwape," batata aliniita mimi, "leta makaa."

Ndani ya kisanduku kidogo cha kamba, kilichobanwa kwenye injini, mulikuwa na ukanda mwembamba wa chuma uliojikunja kama konokono. Huo ndio unaorudisha kamba ukishavuta. Batata aliufunika kwa kitambaa kabla ya kuutoa, akaniambia nigeuze uso, maana chuma kama kile kinaruka na kinatafuta jicho. Kamba ilikuwa imekatika, na ncha ya ukanda, ile iliyojikunja kushika puli, kigurudumu kinachozungushiwa kamba, imevunjika. Aliilaza juu ya kaa jekundu, ncha tu, huku ukanda uliobaki ameufunika kitambaa cha maji. Moto ukizidi, chuma kinakufa, hakirudi tena. Ukipungua, kinakatika kama biskuti. Alihesabu kwa midomo. Nilitazama ile ncha ikiwa nyekundu. Kisha koleo, polepole, mpaka ikajikunja. Haikukatika.

"Suka," aliniambia, akinipa uzi wa nyavu. Nilisuka nyuzi tatu kama ninavyosuka nywele. Kamba yangu ikawa nene, haikuingia tunduni. Papa Ilunga alitoa sauti kama mutu aliyekanyaga musumari. Batata akaifumua, akagawa kila uzi, akanirudishia. "Tena. Nyembamba. Usikaze kwa hasira." Kutoka ziwani mwenye mutumbwi alianza kupiga bidoni, dumu tupu, kuita abiria. Upepo nao ulikuwa umeanza.

Batata alichoma ncha za kamba zisifumuke, akapiga fundo, akazungusha puli. Akafungua plagi, akageuza lori miguu juu, na mafuta niliyoyajaza yakamwagika yote kwenye muchanga, na ile harufu ikatujaa. Kisha akanyoosha mukono kwa Papa Ilunga apewe skrubu. Papa Ilunga aliutazama ule mukono. Ngumi yake haikufunguka. Nadhani alitaka kuifungua na ikakataa. Batata alishika vidole vyake, akavifungua kimoja kimoja, kama tunavyofanya kwa mutoto aliyelala na kitu. Akakaza kisanduku na plagi, akatia mafuta kidogo katika yale yaliyobaki, akabana ile tochi juu ya injini.

"Sasa vuta weye," batata alisema. "Kama ulivyovuta juzi."

Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu lilikohoa, likanyamaza. Bidoni ya mwenye mutumbwi ilikuwa imenyamaza pia, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwamba mutumbwi umeondoka. Mara ya nne likalia, likatoa moshi, kuku wakahama tena.

Papa Ilunga alilizima palepale. Hakucheka, hakuaga. Alilifunga ndani ya shati lake, akakimbia kuelekea majini kifua wazi, na mikate miwili ikabaki barazani. Bamayo alipofika ndiye aliyemutuma mutu akimbie nayo.

Siku tisa hatukusikia kitu. Siku hizo tisa mafundi wenzake walimucheka batata. "BashiMwape," yaani baba Mwape, "leo unacheza na nini? Mwanasesere?" Mwenye mota moja aliipeleka kwa fundi mwingine. Batata alicheka nao. Mimi nilijificha.

Siku ya kumi Papa Ilunga alishuka ufukweni, na nyuma yake kijana murefu, mukonde, aliyekula ubwali, ugali wetu, sahani tatu bila kuinua kichwa. Ndiye Tresor. Aliposhiba alisimulia kwamba lori liliwaka, na kwamba mukubwa yule alitaka kulivuta mwenyewe, akalivuta kama mota ya mutumbwi, muguu juu, na kamba ya nyavu ikavumilia. Sikuwepo, ninaandika alivyosema. Wageni walipoondoka, nyumbani walianza kusema kumbe kuvunja kwangu kulisaidia, maana kamba ya kwanza ingekatika mikononi mwa mukubwa. Sikubali. Nilipovunja sikuwa ninamusaidia mutu.

Kwa miaka niliamini batata alijitwisha kosa lile kwa sababu aliona haya kuwa na mutoto kama mimi. Sikumuuliza mpaka nilipokuwa na watoto wangu wawili. Alikuwa amezeeka, anasafisha plagi kwa waya.

"Papa Ilunga alikuwa na hasira ambayo hakuweza kuipeleka kule inakotakiwa," alisema. "Ilibidi apate mutu wa kumukasirikia. Wewe ulikuwa mudogo sana kwa kazi hiyo."